Sukuma Nilizonyunyizia Dawa

Kiwanja chetu cha mboga kiko mtaa wa Kaptembwo, nyuma ya ploti ninayoishi. Zamani palikuwa jaa la taka. Sisi wapangaji tulizoa taka hizo wikendi baada ya wikendi, tukaleta samadi, tukapanda sukuma, managu na dhania. Watu waliozoea kula ugali kwa chumvi mwisho wa mwezi wakawa na mboga mbichi hatua chache kutoka mlangoni. Kanuni ilikuwa moja: hakuna dawa ya wadudu. Kila mtu alichuma alipotaka, kwa hiyo mboga ilitakiwa kuwa salama saa zote.

Mimi ndiye niliyechaguliwa kuangalia mimea, kwa sababu nililelewa shambani, kijijini kwetu Bahati. Niliringia kazi hiyo. Kiangazi kilipoleta vidukari na maji ya sabuni yakashindwa kuviua, niliona ni mimi nimeshindwa. Nikaenda kwa kaka yangu kule Bahati, nikarudi na dawa ndani ya chupa ya soda. Nikanyunyiza Jumamosi alfajiri, peke yangu. Nilipanga kuwaambia wenzangu tusichume kwa wiki mbili, sababu ningeitunga. Nikaingia ndani kunawa, nikakaa kidogo na chai.

Nilipotoka nilikutana na shosho mmoja wa ploti yetu, anayelea mjukuu wa miaka minne. Alikuwa amekumbatia majani ya sukuma.

"Umeamkia mboga, shosho."

"Huyu mtoto siku hizi hataki kingine," akasema akicheka.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Zioshe vizuri."

Jioni mtoto alitapika mpaka akalegea. Alilazwa siku mbili, akapona. Shosho aliporudi naye tulimzunguka pale uani.

"Ni makosa yangu," alituambia. "Huyu mama alinionya nizioshe vizuri, lakini maji yalikuwa kidogo."

Wanawake wakamfariji. Na mimi nikamfariji. Nilimshika mkono kabisa, nikamwambia yeyote angeweza kukosea. Wenzangu nilikuwa nimewazuia kuchuma tangu Jumamosi, nikidai sukuma zina ugonjwa; kesho yake nikazing'oa zote.

Nilinyamaza miezi mitatu. Kisha siku moja, nikianika nguo, nikamsikia mtoto akiomba sukuma. Shosho akamjibu, "Mimi sijui kupika mboga, mjukuu wangu. Nitakuua." Nguo ilinidondoka. Nikamfuata mlangoni, nikamweleza yote.

Aliendelea kuchambua maharagwe kwa muda.

"Mbona hukuniambia asubuhi ile?"

"Niliogopa kuonekana sijui kazi."

"Kwa hiyo mimi ukaniacha nionekane sijui kulea."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi nikarudia maneno yaleyale. Walininyang'anya kazi ya kuangalia mimea, wakampa mama mwingine, lakini hawakunifukuza. Nadhani ningepumua vizuri kama wangenifukuza.

Mtoto anakula mboga tena. Shosho hunisalimia, huniuliza hata habari za nyumbani kule Bahati. Lakini kabla hajachuma jani lolote, humtafuta yule mama mwingine amuulize kama ni salama, hata anaponikuta nimeinama palepale, nikipalilia.