Nilimsifia hadharani fundi wa Kikongo aliyeniokoa kwenye gari la deraya, nikamponza

Wakuu, salama?

Hii habari nimeikalia muda mrefu. Ninachoandika ni kweli tupu, ila jina la mhusika nimelibadili, na mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Mimi ni fundi wa gearbox na diff, Kasulu mjini, mzaliwa wa Muyama. Wanaonifahamu wanajua nina maneno mengi. Safari hii yalimponza mtu mwingine.

Kuna mfanyabiashara mmoja wa Kibondo, mzee mwenye asili ya Tanga, alinunua gari la deraya la zamani kwenye mnada wa vyuma. Yale madogo ya upelelezi, la Kiingereza, magurudumu manne. Alitaka liwekwe mbele ya ukumbi wake, watoto wa shule walione, lakini liwe linasukumika na usukani ukate kona kama zamani.

Kabla hamjanirukia: mzinga haukuwepo, injini haikuwepo, vibali vipo.

Lilifika gereji kwangu juu ya lori, pamoja na mapipa mawili ya vipuri. Hapo ndipo shughuli ilipokuwa. Kibao cha namba kilishang'olewa siku nyingi, na ndani ya mapipa kulikuwa na vipuri vya gari lenyewe, vya malori, na vingine hata sijui vya nini.

Wiki mbili nasugua kutu kwa brashi ya waya natafuta namba kwenye chuma. Nikiipata naipiga picha, naituma kwenye group za wazungu wanaofufua magari hayo. Mmoja anasema hiki cha mbele, mwingine anasema hicho hata siyo cha gari hilo. Nikabaki na picha nyingi na vyuma vilevile.

Siku moja akaja Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ana kibali chake cha kutoka, anataka nimchomelee shafti ya mashine ya kusaga. Tumwite Baba Furaha. Umri kama miaka hamsini, mpole sana.

Alinikuta chini ya gari nalegeza bolti za shafti ya gurudumu la nyuma. Akainama, akaniambia:

"Patron, acha kwanza. Ile iko imejikaza ndani. Inuwa mapine moja-moja, ao itakuvunja mukono."

Mimi ni mbishi, tena kwa mteja anayenifundisha kazi ndiyo kabisa. Lakini alivyosema kwa utulivu, nikatoka. Spana nikaiacha pale kwenye bolti.

Tukapiga jeki kuinua hayo mapine, yaani magurudumu. Gurudumu lilipoachia ardhi lilijizungusha lenyewe kwa kishindo, gari zima likatikisika, na ile spana ikaruka hadi ukutani. Nilikaa chini.

Kwa wasiojua: magari yale, magurudumu mawili ya upande mmoja yamefungwa pamoja, diff, ile gia inayogawa nguvu, ni moja tu katikati. Likivutwa kwenye ardhi ngumu shafti zinajisokota, na msokoto unaweza kubaki humo gari likikaa bila kuguswa. Ukifungua bolti kabla ya kuinua magurudumu, nguvu yote inamalizikia mkononi kwako.

Siku ile hakuondoka haraka. Alimwaga mapipa yote, akapanga mafungu matatu: vya gari, vya lori, na asivyovijua. Kulikuwa na boksi moja la gia nililoliweka kando nikijua ni la lori. Akaligeuza mara moja, akasema la gurudumu la mbele kushoto. Tukalijaribu, likakaa sawasawa.

Nilimchomelea shafti yake, tukaagana vizuri.

Jioni hiyo nikapandisha uzi humu humu. Picha za gari, picha yake akiwa ameshika lile boksi, jina lake kamili, hadi anapoishi kambini. Nia yangu ilikuwa kumshukuru, naapa. Likes zikamiminika. Mdau mmoja akaandika kwamba huyo si bure, lazima alikuwa mwanajeshi. Nami kwa kunogewa nikamjibu: "Bila shaka. Mikono ile ni ya jeshini."

Sikuwa nimemuuliza. Nilitunga tu, wakuu, ili uzi uchangamke.

Wiki tatu baadaye akarudi. Hakuwa na chuma chochote cha kuchomelea. Alikaa kwenye benchi, akanionyesha screenshot kwenye simu.

"Uliandika mimi niko militaire," akasema. "Sasa mutoto yangu atapona wapi?"

Ndipo nikajua. Binti yake wa miaka tisa ana ugonjwa wa moyo, na familia ilikuwa kwenye hatua za kuhamishiwa nchi ya tatu ambako angetibiwa, na huko anayedhaniwa alikuwa mwanajeshi huchunguzwa kwanza. Yeye alikuwa fundi wa gereji, raia. Watu wenye silaha walimchukua kwa miezi kadhaa awatengenezee magari yao, likiwemo la namna ile. Kwenye mahojiano alisema ni fundi, miezi ile akaikalia kimya kwa woga. Mahojiano mengine yalikuwa baada ya siku nne, na picha ile ilishazunguka kambi nzima.

Nikasema naufuta uzi sasa hivi. Akasema nifute, lakini kufuta peke yake hakutamsaidia. Alitaka barua, niandike kwamba lile neno nililitunga mwenyewe.

Niliandika na kuchana mara nyingi. Kuandika kwa mkono wako "nilisema uongo", halafu ukasaini, kunauma kuliko mnavyodhani. Niliona aibu na bado naiona.

Aliipeleka, na miezi ile akaieleza yote mwenyewe. Wahojaji hawakumkataa. Walisema inabidi wachunguze upya, na faili likakaa zaidi ya mwaka. Katika mwaka ule yule binti aliacha kutembea kwenda shule, akawa anabebwa mgongoni.

Mwishowe waliondoka. Binti amefanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri ila taratibu. Daktari wa huko aliwaambia angefika mapema ingekuwa rahisi zaidi. Mwaka ule niliuchukua mimi.

Nilichojifunza: shukrani ya hadharani muulize kwanza unayemshukuru. Na usichokijua kuhusu mtu usikijazie, hata kama unamsifia.

Gari lipo Kibondo, watoto wanapanda wanapiga picha. Watu wananipongeza mimi.

Kabla ya kupandisha uzi huu nilimsomea mhusika wote kwa voice note. Akajibu kesho yake. Akasema nitumie hilo jina la Baba Furaha, na kuna sehemu moja kuhusu miezi ile akaomba niitoe. Nimeitoa.

Karibuni mchangie, hasa nyie mliowahi kumponza mtu kwa nia njema. Ila hiyo sehemu msiniulize, siyo yangu.