Miraa ya Kendi

Hapa Muthara watu wakibishana juu ya miraa, mimi ndiye huitwa nionje, ingawa shule niliionea dirishani tu. Mjukuu wangu Kendi ni msanii. Kazi yake ni kuchomeka kitu cha uongo katikati ya vitu vya kweli, aone nani atashtuka. Nilimwambia heri afuge kuku.

Basi juzi sokoni nikachomoa kijiti kwenye kitita kilichofungwa vizuri kwa majani ya mgomba, nikakitafuna. Kichungu kama dawa ya ng'ombe! Lakini watu wananitazama, ningesemaje?

"Hii ni ya miti ya zamani," nikasema. "Nyinyi vijana hamjui utamu."

Wakaanza kuigombania. Kendi akanishika bega, akicheka mpaka machozi.

"Guka wangu, tema. Hiyo si miraa, ni vijiti nilivyokata kwa fensi yako ya miti."

Nami shavu limejaa.