Makabati Yaliyoning'inia Juu ya Pakingi

Mwanangu, bado naiona siku ile makabati yangu ya jikoni yalipotoka nje ya nyumba na kuning'inia hewani juu ya pakingi ya magari. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele kabisa, nimevaa rinda la kanisani. Ilikuwa kwenye skrini kubwa, huko Ngoingwa, mbele ya watu waliokuja kununua fleti kabla hazijajengwa. Jamaa mmoja akauliza, "Hiyo jikoni mnauza pamoja na ngazi, ama mtu anajinunulia?" Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, ukweli usemwe, maana sinki ilikuwa inametameta huko juu kama ndege ya kwenda Mombasa.

Mama mwenye jengo, mkulima wa Theta, hakucheka. Akauliza fundi wa jikoni ni nani. Nikainua mkono.

"Basi wewe umeishia hapo," akasema. "Mtu anayeweka kabati hewani kwa picha, kwa nyumba ataliweka wapi?"

Hivyo ndivyo kazi yote ilivyonitoka.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Mureithi, kijana wa kompyuta kutoka Ruiru, alikuwa anatutengenezea picha moja ya jengo, ambayo mafundi wote tungeiingia, kila mtu na simu yake. Si picha ya kuangalia tu. Ndani yake kila kitu kinashikwa na kingine kama mtoto na mzazi: ukuta umeshikwa na sakafu, kabati limeshikwa na ukuta. Mzazi akihama, watoto wanamfuata. Mpango mzuri, mimi sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni ule mkutano. Mureithi alituita hoteli moja ya Thika ili atuulize tunataka picha hiyo itufanyie nini. Sasa wewe unaijua mikutano yetu. Njuguna, msimamizi wa jengo, akajipa uenyekiti, akafungua kwa maombi, kisha akapendekeza kila mtu aweze kusogeza chochote ili kazi iende mbio. "Nani anaunga mkono?" Fundi wa stima akainua mkono huku macho yakiwa kwa chapati. "Imepita."

Nikasema, "Mwenyekiti, na mtu akisogeza ukuta ulioshika makabati yangu, mimi nitajuaje?"

"Mama Shiru, hiyo ni ya mengineyo. Tutafika."

Hatukufika. Chai ilifika kwanza, halafu maombi ya kufunga. Mureithi akaandika yaliyopitishwa, akafunga kompyuta yake.

Basi asubuhi ile ya wanunuzi, Njuguna alitaka sebule ionekane pana. Akaushika ukuta wa jikoni kwenye picha, akausukuma mpaka nje, na watoto wake wote wakaufuata. Nilipoulizwa mimi, yeye alikuwa anatazama dari.

Kwa hivyo, Mwanangu, wewe unayesomea mambo haya, ukitumwa kuuliza watu wanataka nini, usitosheke na mikono iliyoinuliwa. Kitu cha kushirikiana kina wenyewe wengi. Uliza kila kimoja ni cha nani, nani aruhusiwe kukisogeza, na nani aambiwe kikisogezwa. Anza na mengineyo, chai ikiwa bado jikoni. Na yule anayechelewesha chapati kwa maswali, msikilize zaidi. Huyo ndiye ambaye aibu itamkuta kiti cha mbele. Mungu akupe masikio mapana na wateja wenye subira, na kazi yako ikae palepale ulipoiweka.

Mureithi alinifuata hadi Mwiki, ninakotengenezea makabati siku hizi, akaniomba msamaha. Nikampa uji, yakaisha. Siku hizi mtu akigusa ukuta kwenye picha yake, simu ya kila mwenye kitu inalia.

Lakini wewe, Njuguna, tunakutana kanisani kila Jumapili na unanisalimia vizuri kabisa, mwanaume mzima, kama hakuna kilichotokea. Yule mama wa Theta bado anaamini ni mimi. Nenda kwake, usimame mlangoni, umwambie ukuta ule ulisukumwa na mkono wa nani.