Elektroni Jikoni Kwangu

Mwaka ule kazi za migodi zilipokuwa zinakufa, mimi, mwalimu wa fizikia nisiyelipwa mshahara, niliamua kupima elektroni jikoni kwangu, hapa mtaa wa Manika, Kolwezi. Anayetaka kunicheka asingoje mwisho.

Kosa lilianzia kwenye gazeti la sayansi ambalo padri mmoja aliliacha shuleni. Lilieleza kwamba kila elektroni ni kisumaku kidogo mno, na viini vya atomi nyingi navyo ni vivyo hivyo. Huko ng'ambo wataalamu walikuwa wamebandika punje ya kitu kwenye ncha ya kijiti chembamba kuliko unywele, karibu na sumaku, kisha wakakipelekea mawimbi ya redio. Mawimbi yalivigeuza visumaku vile juu chini, juu chini, sumaku ikavivuta na kuvisukuma, na kijiti kikatikisika. Kutikisika huko ndiko walikokupima. Nilisoma nikajiona nimezaliwa kwa kazi hiyo.

Mwenzangu katika wazimu huo alikuwa mwalimu wa kemia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yeye alileta chumvi ya shaba, ile ya buluu, maana shaba yake ina elektroni inayokubali kugeuzwa. Mimi nilileta kipande cha wembe badala ya kijiti, sumaku ya spika mbovu, na redio ya mke wangu, bila ruhusa yake. Tulibandika punje ya chumvi ile nchani mwa wembe na kioo kidogo mgongoni mwake, tukakimulika kwa tochi, ili wembe ukitikisika doa la mwanga licheze ukutani. Lilicheza mno. Baruti ikilipuka kwenye mgodi wa Mashamba, doa linaruka hadi darini. Lori likipita, linaruka. Mke wangu akitwanga majani ya sombe, linaruka, na nilipomwomba apumzike kidogo kwa ajili ya sayansi aliniuliza, "Tata, na batoto batakula elektroni?"

Kisha baruti ikanyamaza, malori yakasimama, na vijana wakaanza kupita mitaani wakisema Wakasai warudi kwao. Mwenzangu, Mkasai kwa baba, alizaliwa Kolwezi. Kasai aliijua kwenye ramani tu, kama mimi. Walipomvunjia madirisha alihamia gare, kituo cha treni, na mke na watoto, juu ya magodoro yao, katikati ya umati uliokuwa unangoja treni isiyojulikana itakuja lini.

Hapo akili yangu ikazaa mpango. Tukipata matokeo, nilijiambia, nitayapeleka kwa wakubwa wa mji, na nani atathubutu kumfukuza mtu aliyefanya shaba ya Kolwezi iseme? Nilipiga pasi hata suti ya kwenda nayo. Ukweli ni kwamba nilimpenda yule bwana na niliogopa kubaki bila yeye, na sikuwa na kitu kingine cha kumsaidia ila wembe na redio.

Asubuhi moja nikakuta doa limetulia kabisa ukutani, kwa mara ya kwanza. Nikakimbia gare. Alikuwa amekaa juu ya godoro, anamsuka binti yake.

"Imetulia," nikamwambia. "Hakuna kitu inatikisika."

"Ulifungula radio?"

Sikuwa nimeifungua. Nilikuwa nimeliona doa limesimama nikasahau kwamba tulichotaka ni lisogee.

Alicheka mpaka mke wake akageuka kumtazama. "Rudia ku nyumba, ufungule radio. Fanya polepole. Kama inatikisika, njo ukuye kuniambia."

"Na treni?"

"Treni gani? Tuko hapa tu."

Nikarudi. Nilizungusha kitufe cha redio kidogo kidogo, doa likabaki pale pale kama limegundishwa. Nilikuwa karibu kukata tamaa lilipoanza kutetemeka, taratibu, kwa mpigo wa sawasawa, si kwa fujo ya baruti. Likapanuka likawa mstari. Nikaruka, nikamkumbatia mke wangu pamoja na mwiko wake, nikamwambia hakuna atakayefukuzwa tena. Doa lilipopungua na kutulia, nikavaa suti nikakimbia tena.

Kwenye gare yalikuwa yamebaki majivu ya moto wa kupikia na maganda ya miwa. Mama mmoja aliyezoea kutuuzia ndizi alinitazama, mimi na suti yangu.

"Tata mwalimu, treni imeenda, sasa hivi. Balijua toka asubui itakuya. Mwenzako alisema hataki kuagana na weye, atalia mbele ya batoto."

Nikakaa chini, suti na yote. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, kwa kunituma nyumbani kama mtoto. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba reli ya kwenda Kasai, iliyokaa siku nyingi bila treni, inapita nyuma ya jiko langu. Ule mtikisiko nilioushangilia hadi kukumbatia mwiko ulikuwa ni yeye anaondoka.