Shanga, Waya na Mwiko wa Kambale

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya sekondari hapa Baraka, mashariki mwa Kongo, prefe, yaani mkuu wa shule, alinikabidhi somo la biolojia la mwaka wa sita pamoja na boksi la chaki. Nikamwambia kwamba sura ya vimeng'enya siielewi vizuri. Alinitazama kana kwamba nimekuja kuomba chumvi.

"Mwalimu, batoto banazarau muntu mwenye kusema sijue. Ufundishe hivi: bintu bikifanana, biko bandugu. Basi."

Nikafundisha hivyo hivyo. Ninyi walimu vijana mna simu za kuonyesha picha; mimi nilikuwa na waya, na shanga za sokoni. Protini ni mnyororo wa asidi amino, kwa hiyo kila asidi ikawa shanga moja, nikazitunga kwenye waya, kisha nikaukunja. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za mwili. Ukila ndagala, dagaa wa ziwa letu, vipo vimeng'enya utumboni vinavyoikata nyama yake vipande vipande. Kila kimoja kina shanga tatu zinazofanya kazi ya kukata, nami nikaziita meno. Waya ukinyooka, meno hayo yanakaa mbali, ukiukunja, yanakutana. Nilitengeneza viwili, tripsini na kimotripsini, vikafanana meno na mikunjo. Nikawaambia wanafunzi kwa sauti kubwa kwamba hao babu yao ni mmoja: zamani kilikuwapo kimeng'enya kimoja, kikapata nakala, nakala zikabadilika shanga moja moja, kila moja ikashika kazi yake. Nilijisikia mwalimu kweli kweli.

Raha hiyo iliharibikia Nundu, nilikohamishiwa. Prefe wa huko alikuwa mama mpole wa sauti na mkali wa maswali. Aliketi nyuma ya darasa langu, na baadaye akanipa mchoro wa kimeng'enya kingine, cha bakteria wa udongoni, nikitunge. Meno matatu yalikuwa yale yale. Lakini waya ulikunjwa vingine kabisa, nikaufumua na kuukunja upya nikidhani nimekosea.

"Haujakosea," akasema. "Huyu haiko ndugu ya bale babili. Kazi njo imebafananisha. Usiangalie meno, mwalimu, angalia vile waya inakunjwa."

Nikashika hilo: kazi moja ndiyo inayoweza kuwapa wasio ndugu meno yale yale. Halafu nikapelekwa Lubondja, na huko nikasoma habari za vimeng'enya viwili ambavyo shanga zake karibu zote zimebadilika, huwezi kuzilinganisha hata kidogo, ila waya umekunjwa vile vile. Hao, kitabu kikasema, ni ndugu. Yaani wanaofanana si ndugu, na wasiofanana ni ndugu! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Wanafunzi walipouliza, niliwaambia wanakili mchoro kwanza, maswali baadaye. Hiyo baadaye haikufika. Nilistaafu nikarudi Baraka, nikadhani maswali nayo yamestaafu.

Ndipo binti yangu Riziki akamleta Wilondja, kijana wa Lubondja, na posa ikafuata. Chakula kilipoandaliwa, wageni wakamsukuma pembeni kambale ambaye jirani alikuwa amewapikia. Sisi pia hatuli kambale; ni mwiko wa ukoo wetu. Kaka yangu mkubwa akaweka kijiko chini.

"Mwiko moja, damu moja. Ndugu habaoane. Ndoa hii haiko."

Bibi mzaa baba wa Wilondja, aliyekuja na wageni, akataja mababu wa kijana mmoja mmoja, mpaka sauti ikamkauka. Hakuna jina hata moja lililokutana na yetu. Kaka akanigeukia.

"We njo ulisoma hii mambo maisha yako yote. Sema. Bako bandugu ao habako?"

Nyuma ya pazia nilimsikia Riziki ameacha kupakua. Mwiko, nikawaza, ni meno: watu wawili wanaweza kuupata kila mmoja kivyake. Majina ni shanga, nazo hubadilika mpaka zisitambulike. Sasa waya wa ukoo ni nini? Nilitafuta kichwani, nisiuone. Niliogopa, kwa kweli. Nikajikuta nasema kwamba tukirudi nyuma vya kutosha, sisi sote ni ndugu.

"Kumbe!" akasema kaka. "Na mama ya Riziki, we ulimuoa namna gani?"

Watu wakacheka, mke wangu kuliko wote.

"Sijue," nikasema hatimaye. Lile neno ambalo prefe wa kwanza alinikataza.

Bibi akalidaka. "Kama hata mwalimu hajue, hiyo ni mashaka. Na mashaka iko na mbuzi yake." Alikuwa na maana ya desturi ya wazee: pande mbili hula mbuzi mmoja, na undugu kama ulikuwapo hukatwa hapo. Kaka alinung'unika, lakini mbuzi hakumkataa.

Wameoana. Nina nafasi sasa, nakaa na zile nyaya zangu zilizoanza kupata kutu, naona nilifundisha miaka yote jambo ambalo nalijua nusu tu, na nusu yenyewe hubadilika. Hilo halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni swali la Riziki, siku aliyokuja kuaga kwenda kwa mumewe.

"Baba, ile siku, kama ungejua kama tuko bandugu, ungesema?"

Nilifungua mdomo kama mwalimu, nimjibu kwamba ningesema. Nikaufunga kama baba.