Nywele Kwenye Betri

Mimi na shemeji yangu kinyozi hatujawahi kugombana, maana kugombana na mtu lazima kwanza umsogelee. Mwaka wa kumi na tisa huu anaishi na mdogo wangu, na miaka yote hiyo nikishampa mkono natafuta bomba la maji. Si kwamba ananuka. Anaoga, anajipaka mafuta, suruali yake nyeupe imenyooka kwa pasi. Shida ni nywele. Zimo kwenye mikunjo ya shati, kwenye nyusi, chini ya kucha, nywele za watu asiowajua hata majina, naye anatafuna karanga kwa mkono uleule huku anakusimulia jambo tangu mwanzo wake kabisa. Hana habari fupi yule mtu. Muulize saa ngapi, ataanza na siku aliyoinunua hiyo saa.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nina miaka ishirini na miwili gereji, wananiita Plaizi, na sijawahi kuacha waya ukining'inia ovyo kwenye gari la mtu. Mtu wa namna yangu na mtu wa namna yake, tusidanganyane, hatuli sahani moja.

Ila mama tunaye mmoja, kwa sababu mama yangu anampenda mkwe wake huyo kupita kiasi. Na mama ana ugonjwa mmoja wa ajabu: akilala, husahau kupumua. Daktari alituelezea hivyo hivyo. Koo linajifunga, pumzi inakatika, mwenyewe hana habari. Kwa hiyo kila anapolala, hata usingizi wa mchana wa dakika kumi, lazima avae barakoa yenye bomba linalotoka kwenye mashine ndogo ya kumsukumia hewa. Mashine inataka umeme, tena umeme usiokatika. Ndiyo maana miaka minne mama hajalala nje ya chumba chake. Dada yake, mama yetu mkubwa, yuko mwendo wa siku tatu kwa gari, miguu imekwisha nguvu, haendi tena kwa mtu. Mama alitaka wakaonane kabla mmoja wao hajatangulia. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Kilichoniuma ni kwamba hakuniambia mimi. Alimwambia shemeji, siku alipokuja nyumbani kumpunguza nywele, shuka imefungwa shingoni. Mimi ningekataa, sifichi. Shemeji alikubali kabla hajamaliza upande wa kushoto.

Gari alikuwa nalo. Lilikuwa la mizigo, refu, lenye bodi iliyofunikwa, aliloachiwa na biashara yake ya kuku. Biashara yenyewe ilikufa kwa siku moja: umeme ulikatika, taa za kuwapa joto vifaranga zikazimika, wakafa wote. Ilikuwaje hasa sikuwahi kujua, kwa sababu kila akianza kusimulia watu walimkatiza kwa kicheko, na wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Jina la Baba Vifaranga mimi ndiye niliyempachika, likamganda. Gari likakaa uani nyuma ya banda lake la kinyozi miaka sita. Sasa akasema ataligeuza kuwa gari la kulala ndani, atafunga sola juu, mama atalala na mashine yake popote barabarani kama yuko kwake. Akajifungia humo wiki kadhaa. Siku ya Jumamosi akanipigia simu, nikaone kazi ya injinia.

Nilifungua mlango wa nyuma nikaufunga tena. Harufu. Mavi ya kuku ya miaka sita yaliyokaukia kwenye mifereji ya bati la sakafuni, na juu yake manukato anayowapulizia wateja kisogoni akishawanyoa. Kimoja peke yake ningekivumilia. Viwili pamoja viliniletea kichefuchefu mpaka machozi yakanitoka. Nilivuta pumzi nje, nikaibana, nikaingia.

Kitanda kilikuwa kizuri, niseme haki. Godoro jipya, shuka ya maua, pazia. Mashine ya mama alikuwa ameiwekea kirafu chenye kingo ili isianguke. Kisha nikapiga magoti, nikafunua shuka nikatazama chini ya kitanda, kwenye betri.

Jamani. Kila kiungo cha waya kilikuwa na ndevu. Tepu ilikuwa imeviringika huko sakafuni kwake kinyozi, ikazoa kila kilichodondoka siku hiyo, kisha akaizungushia kwenye waya hivyo hivyo, nyeusi, nyeupe, za kipilipili, zimejitokeza pembeni kama viwavi. Waya wenyewe alikuwa ameusokota kwa vidole tu, bila risasi ya kulehemu, bila chochote. Pahali pa fyuzi aliweka karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Vichwa vya betri alivipaka mafuta ya mgando, jambo ambalo ni sahihi, hata mimi hufanya, lakini yalikuwa ya kopo lile la kuwapaka wateja shingoni, na yalikuwa yamejaa nywele. Juu, paneli ya sola aliilaza chini ya vyuma vya kubebea mizigo ili wezi wasiione, eti. Hata jua halikuiona. Unafunga sola kivulini, halafu unajiita injinia. Nikatema mate nje ya mlango.

Na ubavuni mwa mashine ya mama, kimefungwa kwa kamba nyekundu ya kiatu, kulikuwa na king'ora cha gari la watoto la kuchezea. Plastiki, kimechubuka, kina betri zake mbili ndogo, waya zake zimeviringishwa plasta ya vidonda. Plasta. Nikamuuliza hiki kidude ni cha nini.

"Hicho, shemeji, ndicho cha maana kuliko vyote," akasema, akaweka karanga mdomoni. "Unajua, wale vifaranga wangu…"

Nikatoa plaizi yangu, nikakikata. Nilikibeba kwa vidole viwili mpaka kwenye pipa lake la taka, lile analomwagia nywele za siku nzima, nikakitumbukiza. Aliniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakumalizia habari yake.

Nilifanya kazi siku nzima, na kinyaa ndicho kilichonisukuma. Nilikwangua sakafu, nikamwaga maji ya moto na dawa. Nikang'oa waya zake zote. Paneli niliipandisha juu ya vile vyuma, nikaipa miguu ili upepo upite chini yake isichemke. Nikashusha waya mnene mpaka kwenye kile kisanduku kinachodhibiti chaji, kutoka hapo mpaka kwenye betri, na kutoka kwenye betri, kupitia fyuzi ya kweli, mpaka kwenye inveta inayolisha mashine ya mama. Kila mwisho wa waya niliuvisha kichwa cha shaba nikaubana. Shemeji aliuliza anishikie tochi, nikamwambia asimame kule kwenye uzio. Akasimama kule kwenye uzio.

Ilibaki nati ya mwisho kwenye kichwa cha betri. Nilikuwa nimeishika kwa vidole, naizungusha, spana iko mkono wa pili, pale donge la yale mafuta ya kopo, ambalo sikuwa nimeliona, lilipojibandika kwenye kifundo cha mkono wangu. Na nywele zake. Mwili ulinisisimka wote. Nilitupa spana, nikakimbilia bombani, nikajisugua kwa sabuni ya unga mara tatu mpaka ngozi ikauma. Niliporudi sikutaka hata kupatazama tena. Nilifunika sanduku la betri, nikakaza skrubu zake nne, nikawasha. Taa ya kijani ikawaka. Mashine ikavuma. Nilirudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yangu, na nakiri nilijipenda.

Kesho yake mchana tukamchukua mama kwa majaribio. Mpango ulikuwa mwepesi: yeye alale kama atakavyolala safarini, mimi niendeshe saa moja kwenye barabara mbovu ya machimbo ya kokoto, tuone kama umeme utahimili. Ukihimili, Jumatatu tunaondoka. Usipohimili, mama anarudi chumbani kwake, na mimi ndiye nitakayempigia simu mama mkubwa kumwambia asisubiri. Mama alijilaza, akanusa, akasema panakaa vizuri, akavaa barakoa yake.

Shemeji akaomba akae naye huko nyuma. Nilimwambia hapana, aje mbele, sitaki anijazie nywele mle ndani. Mama aliinua barakoa kidogo. "Mwache akae," akasema. Akakaa, chini sakafuni, magoti yamemfika kidevuni, suruali nyeupe na yote.

Barabara ya machimbo ni mawe na mashimo. Injini ya lile gari inanguruma mpaka humsikii aliye kando yako, seuze mashine ndogo iliyo nyuma ya ukuta wa bati. Nilikuwa naimba. Baada ya nusu saa hivi nikasikia ngumi kwenye ukuta, mbili. Nikasema moyoni, ameanza habari zake huyo. Nikaendelea kuendesha. Nimeihesabu mara nyingi tangu siku ile hiyo barabara niliyoendelea kuiendesha: kutoka mti uliokatwa mpaka kwenye kibao cha machimbo. Ndipo zikaja ngumi zisizohesabika, na sauti ambayo sikujua kwamba shemeji anayo.

"Simama!"

Nilifungua mlango wa nyuma. Mama alikuwa ameketi, barakoa imevuliwa, midomo imekuwa rangi ya majivu, anavuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani. Shemeji alikuwa nyuma yake, amemwegemeza kifuani mwake, kiganja kinampapasa mgongo. Mashine ilikuwa kimya. Taa ya kijani haipo.

"Nilikuwa nimelishika bomba," akasema. "Tangu tulipotoka nyumbani. Hewa ikakoma mkononi mwangu."

 Kumbe lile bomba alilishika njia nzima kwa sababu sasa hakuna kitu kingine cha kumwambia kwamba mashine imezima. Kile king'ora nilikikata mimi.

Nilifungua zile skrubu nne. Sikuhitaji kipimo. Waya mnene ulikuwa umechomoka kwenye kichwa cha betri, na nati imelala chini, safi, inang'aa, nati ambayo sikuikaza. Pembeni yake kulikuwa na unywele mmoja. Nilichukia mikono yangu. Nywele na plasta na karatasi ya sigara nimevionea kinyaa maisha yangu yote, lakini sikuwahi kukutana na uchafu kama ule uliokuwa ndani ya lile sanduku lililosafishwa: fundi aliyeiacha pumzi ya mama yake kwenye nati legevu kwa sababu aliguswa na mafuta ya watu. Nilingoja shemeji aseme. Ingekuwa ni mimi ningesema, tena ningesema mpaka kesho. Aliniomba chupa ya maji ya mama.

Tulirudi mama akiwa macho, ameketi mbele, anatazama dirishani. Rangi ya midomo ilikuwa imemrudia. Tulipofika aliniuliza jambo moja tu, kama Jumatatu bado ipo. Nikamwambia nitamjibu jioni.

Nikaenda kwenye pipa. Shemeji akanifuata, akasema nimwachie yeye, yeye amezoea. Nikamwambia asogee. Jumamosi usiku aliwanyoa wateja wote waliomngoja kutwa, pipa lilikuwa limejaa. Nilikunja mkono wa shati, nikaingiza mkono mpaka kwapani. Zilikuwa vuguvugu. Sikujua kwamba nywele zikirundikana zinakuwa vuguvugu. Kulikuwa na maganda ya karanga, wembe uliofungwa gazetini, pamba yenye kitu sikutaka kujua ni nini. Nilipapasa, nikameza mate, nikapapasa, mpaka vidole vikashika plastiki. Nilikitoa kimevaa manyoya kama panya.

Tukakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma wa gari, mimi nimewasha chuma cha kulehemu, yeye amenishikia waya. Mikono yake ni myepesi, sikuwahi kuitazama. Nikamwambia anisimulie wale vifaranga.

"Kwa ufupi?" akauliza.

"Tangu mwanzo."

Akaanza na siku aliyonunua mayai. Akaja kwenye mashine ya kuangulia, akaja kwenye taa, akaja kwenye jirani aliyemshauri vibaya kuhusu taa. Sikumkatiza. Risasi ilikuwa imepoa zamani alipofika mwisho, naye hakuwa akitafuna kitu.

"Walikuwa mia tatu na kumi na wawili," akasema. "Nimelala chumba cha pili, shemeji, ukuta mmoja tu. Hawakupiga kelele. Nilidhani kitu kikifa kinapiga kelele."

Nilimpa spana. Nikamwambia aikaze kila nati ndani ya gari lile, zangu zote, moja moja, kisha mimi nipite nyuma yake. Akaingia chini ya kitanda na shati lake lile. Alipotoka, kwenye kichwa cha betri kulikuwa na nywele mbili zimekwama kwenye mafuta, fupi, nyeupe. Niliziona. Nikajaribu nati kwa nguvu zangu zote na haikusogea, nikafunika.

Kisha tukakirudisha king'ora ubavuni mwa mashine, tukachomoa waya wa mashine makusudi, na kile kidude kikalia mpaka mama akatoka nyumbani ameziba masikio, anauliza kama ndiyo tunaondoka.