Hodi kutoka Nyamwage

Ijumaa moja mchana, saa saba na robo, mtu aliniandikia hodi kwenye kioo cha kompyuta yangu pale Kibiti. Mtu huyo tulikuwa tumemzika Jumatano. Nilikuwepo makaburini, na nilitupa udongo kwa mkono huu ninaoandikia.

Najua unachotaka kusema. Ningesimuliwa mimi, ningesema hivyo hivyo. Kwa hiyo nitakupa mambo kwa mpangilio wake, nawe uyapime mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeshaingia, kompyuta kuukuu zinashushwa Dar es Salaam kutoka Dubai kama mitumba, na daraja la Ndundu bado jipya. Nilikuwa fundi kompyuta wa mradi mdogo uliosaidia vituo vya afya kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu. Kila kituo kilikuwa na orodha yake ya majina. Orodha ikifika Kibiti tunafunga boksi la dawa za mwezi kwa kila jina, tunalipakia kwenye basi. Jina lisipotoka kwenye orodha, boksi halifungwi. Na dawa za kifua kikuu ukizikatiza, ugonjwa unarudi umekasirika.

Karani wetu wa Nyamwage alikuwa Bi Mwanahawa. Kabla ya daraja alikuwa karani wa pantoni iliyovusha watu mtoni, akiandika abiria na mizigo yao. Pantoni ilipopumzishwa akaja kwetu, akajifunza kompyuta kwa vidole viwili na herufi kubwa tupu. Herufi ndogo, alisema, zinamnong'oneza.

Kutoka Kibiti hadi Nyamwage wakati wa masika ulikuwa unaondoka asubuhi na kufika ukiwa tope mpaka kwenye nyusi. Ndiyo maana mradi ulituwekea sahani za setilaiti na programu ya kuniwezesha kukiona kioo chake nikiwa kwangu na kuendesha kipanya chake. Kila nilipotaka kuingia, dirisha dogo lilitokea kwake likimuuliza kama anaruhusu. Akibonyeza ndiyo, naingia, nafungua ukurasa mtupu na kuandika, "Hodi." Naye anajibu hapo hapo kwenye ukurasa, "KARIBU MWANANGU." Hodi ilikuwa yangu, karibu ilikuwa yake. Sikuwahi kumfundisha njia ya kuja kwangu.

Nikikumbuka siku zile mpaka leo nasikia joto la chumba kile na feni inayolalamika. Nilikuwa kijana kutoka bara, sina ndugu Kibiti, na ukurasa ule mweupe ulikuwa baraza langu. Tulitengeneza kompyuta huku tukizungumza bei ya korosho. Aliniambia amepika wali wa nazi na kambale, akaniuliza mimi nimekula nini. Nikisema mkate, ananiandikia, "UOE." Mtandao ulikuwa mzito, herufi zinakuja mojamoja, na mimi nasubiri kwa furaha kama mtu anayesubiri chai ichemke.

Halafu nikaharibu. Nilihamishia orodha zote kwenye kompyuta moja pale Kibiti yenye mfumo wa Linux, kwa sababu zile za Windows virusi vilikuwa vinazitafuna. Programu za pande mbili zikagoma kuelewana. Mara kioo cheusi, mara rangi zimegeuka, mara nabonyeza herufi hii inatoka nyingine. Hayo niliyamaliza moja baada ya jingine. Lakini lile dirisha la kuomba ruhusa liliganda kila mara. Siku ya tatu nikafanya wafanyavyo mafundi wavivu: nikalizima, kwake na kwangu, na kompyuta zote nikazipa neno la siri moja, fupi, ambalo hata mtoto angelibahatisha. Nikajiambia nitarekebisha wiki ijayo. Wewe hujawahi kujiambia hivyo?

Kesho yake Bi Mwanahawa akaona mshale unatembea kwenye kioo chake bila yeye kuulizwa. Akaandika, "WE MTU WA BARA, KWENU MNAINGIA MAJUMBANI KAMA MBUZI?"

Nikamwandikia kwamba hiyo ni mashine tu, bibi.

"MASHINE INA MWENYEWE."

Nilicheka, nikaendelea na kazi.

Mwezi ule Zena hakupata boksi. Zena alikuwa mama wa watoto wawili, mkulima wa Mbwara, na kwa kuwa majina yalipangwa kwa alfabeti, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Bi Mwanahawa aliniuliza. Nikafungua orodha kwenye Windows, nikamwona Zena chini kabisa, nikajibu kwamba yupo, labda boksi limepotea kwenye basi. Mwezi wa pili likakosekana tena. Jumatatu akaniandikia kwamba mtu wake wa mwisho hafiki. Nikajibu, "Yupo, bibi. Namwona kwa macho yangu."

"UNAMWONA WEWE. BOKSI HALIMWONI."

Niliahidi kuangalia. Jumanne presha ikamchukua Bi Mwanahawa. Jumatano tulikwenda kuzika, na jioni ile ile nikarudi Kibiti.

Sasa Ijumaa. Wenzangu wote walikuwa msikitini. Mimi Mkristo nikabaki kulinda ofisi, mkono mbali na kipanya, nakula karanga. Mshale ukaanza kutembea. Ulikwenda kwa kurukaruka, kama unavyokwenda mtandao ukiwa mzito. Ukafungua ukurasa mtupu. Herufi zikaja mojamoja.

"HODI."

Fikra ya kwanza, niamini, haikuwa mzimu. Ilikuwa mwizi. Niliyafahamu makosa yangu: ruhusa nimezima, neno la siri ni la kitoto, na ndani ya mashine ile kuna majina ya wagonjwa wote wa eneo letu. Nikashika waya wa mtandao tayari kuung'oa. Lakini mwizi gani anabisha hodi? Mkono mmoja kwenye waya, wa pili nikaandika, "Karibu. Nani mwenzangu?"

"MIMI HUYU HUYU. MTU WANGU WA MWISHO HAJAFIKA."

Nikauachia waya. Mshale ukaondoka, ukafungua orodha ya Nyamwage, ukashuka jina kwa jina bila haraka mpaka kwa Zena. Ukasimama mwisho wa jina lake. Kisha kibonyezo cha Enter kikabonyezwa mara moja, mstari mmoja mtupu ukatokea chini yake. Orodha ikahifadhiwa, ikafungwa. Mshale ukatulia. Dakika saba kwa jumla.

Nilikaa nikiutazama mstari ule kichwani mwangu. Halafu nikaelewa. Programu niliyoiandika kwenye Linux kutoa majina ya kufungiwa maboksi ilisoma mistari iliyofungwa kwa Enter tu. Mstari ulioachwa bila kufungwa iliuruka. Windows haijali, inakuonyesha jina kama kawaida. Makarani wengine walibonyeza Enter baada ya kila jina, la mwisho pia. Bi Mwanahawa, kamwe. Kwenye pantoni, alishaniambia, huachi mstari mtupu chini ya abiria wa mwisho, mtu asije akajichomeka. Miaka yote ya kazi aliiheshimu desturi hiyo, nami sikuwahi kuifikiria. Nikaiendesha programu upya. Jina la Zena likatoka.

Jumamosi alfajiri nilipanda basi na boksi mapajani, na kutoka barabara kuu nikaazima baiskeli hadi Mbwara. Nilimkuta Zena amelala kwenye mkeka, mwepesi kama kanga iliyoanikwa. Mumewe aliniuliza kwa upole kulikoni, kwani wao walidhani Zena amefutwa kwenye orodha. Nikamwambia kosa ni langu. Akatazama boksi, akasema, "Yule mama wa kompyuta ndiye aliyekuwa anakuja kumgawia vidonge vichache vya akiba. Siku alipokufa viliisha."

Daktari alimwanzishia matibabu upya, safari hii na sindano. Alipona, ila pumzi haikurudi yote. Mara ya mwisho nilipopita Mbwara alikuwa analima, akipumzika kila baada ya tuta moja.

Mimi nilibadilika. Nilirudisha ruhusa kwenye kila kompyuta, kila moja nikaipa neno lake la siri refu, na mazungumzo yote nikayapitisha ndani ya njia iliyofungwa, asiyehusika asiweze kuyasoma. Rafiki yangu wa Dar, fundi kuliko mimi, anasema aliyeingia Ijumaa ile ni mhuni fulani aliyejifanya anatoka Nyamwage. Inawezekana. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi mwenyewe. Ila aniambie, mhuni anajuaje kuhusu mstari mmoja wa Zena?

Nakuonya wewe unayeshika mashine za watu: usizime ruhusa kwa sababu inakuchelewesha. Na karani akikwambia kuna mtu hafiki, usimjibu kwamba unamwona. Nenda kamtafute.

Limebaki jambo moja. Mashine ya Linux, ambayo kila anayeingia lazima aipitie, iliandika kwamba mgeni wa Ijumaa alitoka kwenye kompyuta ya Nyamwage. Basi Jumamosi ile nikitoka Mbwara nilipita kituoni Nyamwage nijue nani alikuwa ndani Ijumaa. Mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa na kufuli. Mtendaji wa kijiji akaleta ufunguo, tukaingia. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa. Chini ya meza, inapokaa betri ya sola inayoendesha kompyuta na sahani, palikuwa na nyaya mbili tu zimening'inia.

Nikamuuliza betri iko wapi. Akasema wameiazima tangu Jumatano, iko kwa marehemu, inawasha taa za matanga.